Oksijeni ya Karoti

Muuguzi alikuwa ameshastaafu, lakini gonjwa la mapafu lilipopamba moto kituo cha afya kilimwita tena. Si kuchoma sindano, la, bali kupima programu za simu: watu wa mtaani waambiwe watumie ipi majumbani mwao? Akapewa fomu ya maswali ishirini. Maandishi yanasomeka? Rangi zinavutia? Ni rahisi kutumia? Naye kwa udadisi wake akazichokonoa programu saba kama fundi na redio mbovu.

Moja ilimkosha. Unafunika kamera kwa kidole, inakusomea oksijeni ya mwilini. Akaipa alama zote, na papo hapo akamwekea mdogo wake, fundi viatu, aliyejitenga chumba cha nyuma akikohoa siku ya tano.

Asubuhi alimpelekea chai. Fundi akainua simu kwa madaha.

"Tisini na saba, dada. Mimi... ngangari. Hospitali waende... wagonjwa."

"Mbona unakatakata maneno?"

"Umeipa alama zote... mwenyewe. Leo unaikana?"

Muuguzi akarudi jikoni. Mdomo wa mdogo wake aliujua tangu utotoni, ukishaanza hautui. Leo maneno matatu, anatweta. Sasa nani mwongo, simu au kifua? Mezani palikuwa na karoti. Hivi hii simu inasoma nini hasa? Akawasha programu ile kwenye simu yake, akafunika kamera kwa karoti.

Simu ikawaza kidogo, ikaandika: oksijeni tisini na saba, mapigo sabini na mbili. Hongera, uko salama.

Alicheka mara moja tu. Kisha akamkokota mdogo wake hadi kituoni, barakoa zimekaa upande, njiani akimsimulia habari ya karoti. Kipimo cha kweli kikasoma themanini na tatu. Wakamlaza, wakamvisha mpira wa oksijeni.

Nje ya wodi, muuguzi akaomba fomu yake, akafuta alama, akageuza karatasi, akaandika swali la ishirini na moja: Inasema kweli? Akaanza upya programu zote saba, karoti mfukoni.

Siku ya nne akaruhusiwa kuchungulia. Mdogo wake alikuwa ameegemea mto.

"Dada, na yule karoti mwenye afya njema kuliko mimi mmemlaza wodi gani?"

Muuguzi alikuwa akihesabu maneno. Yote, kwa pumzi moja.