Wingu Halijafa

Huku kwetu mawingu hushuka kula majani kama ng'ombe, na kila tabaka lina desturi yake ya kuyawinda. Mabwana wa Garissa hupiga risasi, wakachukua pembe na kuzitundika sebuleni juu ya televisheni. Wenye ngamia huchukua ngozi, kwa kuwa kivuli chake ni baridi. Sisi watu wa nyayo, tunaofuata unyevu mchangani mpaka wingu lionekane, tunaachiwa matone. Ndiyo desturi, na anayeisifu zaidi ni yule mwenye pembe nyingi ukutani.

Mwezi ule kisima chetu nje ya Modogashe kilikuwa tope tupu. Binti yangu Idman, wa miezi tisa, alikuwa mgongoni mwangu akilamba midomo iliyopasuka. Nilihitaji wingu zima, siyo matone.

Bwana Abdiwahab akaja na magari matatu: moja lake, moja la viti na zulia, moja la mpiga picha. Koti lake la kuwindia bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Asubuhi nzima alikaa chini ya mwavuli akiuliza, "Bado tu?"

"Karibu, mkubwa, karibu," akamjibu Kadar, mwenye ngamia mia mbili, kana kwamba ni yeye aliyeinama mchangani tangu alfajiri.

Wingu nililipata nyuma ya migunga. Lilikuwa changa, jeupe, pembe fupi kama vidole. Idman akalichekea.

"Hili bado dogo, mkubwa," nikasema. "Ukiliua leo litakauka lote, hata tone halitatoka. Ngoja siku tatu."

"Siku tatu! Jumamosi nina harusi nyumbani. Wageni waangalie ukuta mtupu?"

Kadar akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Abaayo Weris, dada yangu, kazi yako kuinama. Ya juu tuachie sisi."

Bwana akafyatua. Risasi ya kwanza ikaua kichuguu. Ya pili ikatoboa mwavuli wake mwenyewe. Ya tatu ikachubua sikio la wingu, nalo likajilaza kwa woga. Mpiga picha akapiga makofi.

"Sema limekufa," Bwana akaniamuru, huku akinyoosha koti mbele ya kamera.

Risasi tatu ndiyo haki ya bwana, ya nne ni aibu. Na windo haliwi lake mpaka mtu wa nyayo aliguse na kutamka kwamba limekufa, maana bwana akigusa mnyama aliye hai amejishusha akawa kama sisi. Babu zao ndio waliotunga hayo, wasichafue mikono. Nasi miaka yote tumetamka wanachotaka, tusinyimwe hata matone.

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja. Moyo ulidunda mbiombio, kama wa Idman akiwa na homa.

"Liko hai," nikasema.

"Mwongo! Si nimeliangusha mwenyewe?"

"Basi liguse, mkubwa. Ukikuta limekufa, pembe zako."

Akatazama mikono yake iliyopakwa mafuta. Akamtazama mpiga picha, akawatazama wenye ngamia waliokuwa wakimsubiri aguse, waende kusimulia habari zake sokoni.

"Hatukuiti tena wewe," Kadar akafoka. "Wallahi, mwaka kesho hukanyagi hapa!"

"Msiniite. Mtafuata nyayo wenyewe? Asubuhi mliona unyevu mkasema ni mkojo wa ngamia."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kuzuia kicheko. Bwana Abdiwahab akaona heri apigwe picha akiwa na mwavuli wenye tundu. Kisha wakakunja zulia lao, wakaondoka na vumbi lao.

Windo lisilokufa ni la aliyelifuatia. Nilifungua shuka yangu ya begani nikalifunga shingoni, taratibu, nikilibembeleza kama mtoto. Likainuka. Tulipofika kisimani, tone likadondoka kutoka kwenye sikio lililochubuka, kisha jingine. Nikakinga kiganja. Idman akanywa, akashika kidole changu, akataka tena.