Makalio ya Kuegemea

Usiku wa jana, kabla hata mke wangu hajamaliza kulalamika kwamba miguu yangu ni ya baridi, niliota mdogo wangu amefungiwa kwa sababu ya makalio, na makalio yenyewe nilimtengenezea mimi.

Niseme kwanza yaliyo ya macho, ndoto ifuate. Mdogo wangu anaitwa Mdoe Semboja. Watu wa televisheni wanamjua kama Bi Kishindo. Anavaa gauni, wigi na viatu vya visigino, anapanda jukwaani na kuwachamba watu waliokuja kumtazama, na wao badala ya kukasirika wanamtunza noti. Alikuwa kwenye shindano linaloitwa Malkia wa Mtaa. Wanaume pekee, waliovaa kike, wanaishi nyumba moja, kamera zinawafuata hata wakipiga mswaki, na kila wiki mmoja anatolewa. Mimi ni fundi makochi hapa Muheza. Shule niliiacha mapema na yenyewe haikunitafuta. Lakini sponji naijua. Nyonga za Bi Kishindo, mapaja yake na hayo makalio, vyote vilitoka kwenye karakana yangu.

Wiki iliyopita, na hili si la ndotoni, Mdoe alikuwa anacheza mubashara, kalio la kulia likahama. Likapita kiunoni taratibu likaja kukaa mbele. Nchi nzima ikadhani Bi Kishindo ana mimba. Pongezi zikaanza kumiminika. Kabla wimbo haujaisha kalio likadondoka jukwaani, upande mmoja bado una kitambaa cha maua, kwa sababu sponji ilinipungukia nikakata mto wa kochi la nyumbani. Magazeti yakaandika kwamba Bi Kishindo amejifungua mto. Watu wa maadili wakakutana, wakanywa chai, wakatangaza kwamba amefungiwa.

Sasa ndoto. Nasikia mtu anagonga kioo. Naenda sebuleni. Mdoe yuko ndani ya televisheni, na gauni lake la kijani, amekunja magoti. Kwa nyuma wameweka kufuli.

Amefungiwa kweli.

Bahati nzuri televisheni yangu ni ile ya chogo. Kwenye hizi bapa za siku hizi angekaa kama chapati. Namuuliza yuko hapo tangu lini. Anasema hilo si swali, swali ni kama nina kioo, maana humo ndani kuna joto na anahisi wanja umemshuka.

Rimoti inakohoa. Tuliifunga nailoni siku tuliyoinunua ili isichakae, kwa hiyo sauti yake inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Inanipa sheria. Aliyefungiwa hatolewi. Anayetolewa ni mshiriki. Kama namtaka mdogo wangu, lazima kwanza arudishwe kwenye shindano, halafu ashindwe, ndipo atolewe.

"Na asipotolewa?"

"Taarifa ya habari ya asubuhi ikianza," inasema rimoti, "anakuwa marudio."

Naomba ifafanue. Inasema marudio ni marudio. Kila Jumapili mchana atacheza wimbo uleule, atadondosha kalio lilelile, atatoa macho yaleyale, na hatajua kwamba alishafanya. Watu watakuwa wanampitia tu wakitafuta mpira.

Nageuka kutafuta nyundo. Sebule haipo. Niko studio, nimevaa msuli, taa zinaniunguza. Mdoe yuko kizimbani, na kizimba ni televisheni yangu. Mbele yetu, juu ya kiti kirefu cha hakimu, kakaa king'amuzi, taa yake nyekundu inawaka.

"Kazi yangu ni kung'amua," anasema. "Watu wananiwekea juu yangu maua ya plastiki, lakini kazi yangu ni kung'amua."

Kesi inaanza. Wigi linapanda kutoa ushahidi. Linaeleza jinsi lilivyoanguka kwenye bakuli la pilau kwenye harusi ya mtoto wa mheshimiwa mmoja, na jinsi Mdoe alivyolitoa, akalikung'uta, akalivaa na kuendelea kumchamba bibi harusi. Halina kinyongo. Linasema tu kwamba mpaka leo likilowa linanukia iliki.

Linaletwa beseni. Ndani yake kuna povu, lile alilotoa Mdoe siku alipogombana na mshindani wake, Shangazi Bandama. Ugomvi wao uliandikwa sana. Povu bado linachemka. King'amuzi analionja kwa waya, anasema ndilo.

Halafu waendesha mashtaka wanasema mdogo wangu alikuwa anatafuta kiki, kwamba mambo yote hayo aliyafanya ili aandikwe. Namtazama Mdoe. Ni kweli anaitafuta. Amepiga magoti na tochi, anachungulia chini ya kizimba. Ananiuliza kama nimeiona, ni ndogo, ina rangi ya dhahabu.

Kisha naitwa mimi.

King'amuzi anataka kujua nilitumia sponji gani. Najibu bila kujivuta. Kochi lina sponji mbili. Ile ngumu ni ya kukalia, ile laini ni ya kuegemea. Kwa Bi Kishindo nilitumia laini, kwa sababu inatikisika vizuri.

Taa ya king'amuzi inakonyeza.

"Makalio," anasema king'amuzi, "yanaitwa makalio kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yanakaliwa."

"Na wewe ukaweka ya kuegemea."

"Niliweka ya kuegemea."

"Basi hayo si makalio. Hayo ni maegemeo. Nchi nzima imepiga makofi kwa maegemeo."

Mwanamke mmoja anazimia. Namtambua, ni mke wangu Mwantumu, mshabiki namba moja wa Bi Kishindo. Hata akizimia anajitahidi aanguke mahali ambapo ataendelea kuona.

King'amuzi anang'amua. Anasema kosa si la mchezaji, ni la fundi. Nikimtengenezea makalio halali, Mdoe atarudi kwenye shindano usiku huu huu. Nauliza sponji ngumu nitaipata wapi saa hizi. Wananiletea kochi langu la nyumbani, kiti changu mwenyewe, kile ambacho hata wageni wanajua hawakikalii. Nachukua kisu. Nakata vipande viwili, nakwangua kingo mpaka zinakuwa za mviringo. Kwa heshima ya taaluma nasema kwamba sijawahi kutengeneza makalio mazuri kama yale. Mdoe anayafunga, anajaribu kukaa, anakaa. Kufuli linafunguka lenyewe.

Sasa ni mshiriki. Nadhani mambo yamekwisha. Bado.

Ukutani pameandikwa kwamba kila mshiriki achambe kabla ya kupanda jukwaani. Tunaingizwa chumba cha nyuma, na chumba ni choo cha nyumbani kwa marehemu baba. Kila mshiriki anapewa kopo la maji. Nawaambia wasimamizi kwamba kuchamba kunakotakiwa ni kule kwa maneno. Wanasema sheria haijafafanua. Mdoe hana shida. Analishika kopo, analizungusha, analitazama mdomoni.

"Wewe kopo," anasema kwa ile sauti ya Bi Kishindo, nyembamba, ya kuvuta puani, "umeona matako ya wilaya nzima na bado huna rafiki hata mmoja."

Kopo linacheka mpaka linamwagika. Wanasema amechamba kwa namna zote mbili. Anapita.

Mlango wa choo unafunguka, tuko kwenye ukumbi wa harusi. Watu ni wengi kweli. Inabaki pleibeki ya mwisho. Wimbo unajiimba wenyewe kwenye spika, mshiriki anafungua mdomo kuufuata, na atakayekosea anatolewa. Anayepambana na Mdoe ni Shangazi Bandama, ambaye ndotoni ni friji lenye wigi jekundu. Kila neno la wimbo friji linafungua mlango, taa ya ndani inawaka, inaonekana nusu ya tikiti na jagi la maji.

Namvuta Mdoe pembeni. Namwambia akosee. Maneno mawili tu, tutoke hapa twende nyumbani.

"Kaka," anasema, "unataka nishindwe na friji?"

Namwambia kuna marudio, kuna Jumapili mchana, kuna watu wanaotafuta mpira. Anasema anajua. Anasema anaogopa kuliko mimi. Lakini mdomo wake hajui kuukosesha. Ameulea tangu akiwa mdogo anaimba na redio ya jirani, na sasa hata akiamua kukosea unapatia.

Wimbo unaanza. Friji linafungua, linafunga. Mdoe anaufuata wimbo kama ametunga yeye. Ukumbi unasimama. Wanamtunza, wanamfuta jasho. Makalio yametulia mahali pake, magumu, halali. Sijawahi kuona mtu anayefanya kazi yake vizuri namna ile, na nilikuwa namwomba Mungu ili Mdoe ajikwae. Nje kunaanza kupambazuka. Mbali kidogo nausikia muziki wa taarifa ya habari ukijipasha moto.

Hapo ndipo Bi Kishindo anapogeuza shingo, Mdoe hajageuza.

Sijui nieleze vipi. Waigizaji wanasema wanavaa uhusika, na mimi siku zote nilidhani ni maneno ya kujipa ukubwa. Lakini pale naona mshono. Unaanzia kisogoni unashuka mgongoni, umeshonwa kwa mkono, sindano ndogo ndogo. Na aliyevaliwa ananitazama mimi.

"Shemeji," ananiita Bi Kishindo. Hajawahi kuniita hivyo. "Huyu mtoto hajui kushindwa. Acha nishindwe mimi."

Namuuliza yeye atakwenda wapi.

"Siendi. Mimi nyumba yangu ni hii. Yeye ana mama, ana wewe, ana nauli ya kurudi. Mimi nilizaliwa humu humu kwenye taa."

Namwambia tu kwamba yale makalio ni mazuri, asiyavue. Ananijibu kwamba angekuwa na akili ya kuyavua asingekuwa Bi Kishindo.

Linakuja lile neno kubwa la wimbo, lile ambalo ukumbi wote unalisubiri na mikono juu. Spika inaliimba. Friji linafungua mlango mpaka mwisho. Bi Kishindo anafunga mdomo.

Anaufunga tu, midomo ikiwa imebanwa, nyekundu, na macho yanamcheka kila mtu.

Ukumbi unapiga kelele za huzuni. King'amuzi taa yake inakuwa kijani. Anatamka kwamba Mdoe Semboja ametolewa. Mshono unapasuka kuanzia kisogoni, na mdogo wangu anatolewa hasa, kwa kichwa kwanza, kama nguo inavyotolewa kwenye ndoo, amevaa suruali yake fupi ya mpira. Ananiangukia. Ananuka jasho na iliki. Anapogeuka kumshika Bi Kishindo mkono, kioo cha televisheni kimeshajifunga katikati yao.

Yeye yuko upande wa pili. Anajiweka sawa wigi. Anasogea mpaka kwenye kioo, anakibusu, na muziki wa taarifa ya habari unaanza.

Nikaamka.

Mwantumu alikuwa bado amelala. Nikampigia Mdoe, ambaye tangu afungiwe alikuwa amejificha kwa rafiki yake Dar es Salaam. Akapokea haraka. Sauti ilikuwa nzito, ya marehemu baba kabisa. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema yuko salama, tena watu wa televisheni wamempigia sasa hivi kumwambia kifungo kimefutwa, yuko huru kurudi jukwaani akitaka.

Nikamwambia hongera.

"Kaka," akasema, "nimejaribu ile sauti hapa bafuni. Haiji."

Nikamwambia labda ni mafua. Akasema si mafua. Akasema amesimama mbele ya kioo na wanja mkononi, na hajui huwa anaanzia wapi.

Nilikuwa natembea wakati tunaongea, nikajikuta sebuleni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Katikati ya kioo palikuwa na alama ya midomo, nyekundu, imebanwa. Nikaifuta kwa kanga ya Mwantumu, haikutoka. Nikaifuta kwa petroli ninayosafishia gundi, haikutoka. Nikapitisha kucha juu yake, kucha ikateleza kwenye kioo kikavu. Ilikuwa kwa ndani.

Nikaona bora nikae nifikiri. Nikakaa kwenye kiti changu, nikagota mbao.

Mdogo wangu ametoka. Imegharimu sauti moja, midomo miwili, na makalio mawili ya sponji ngumu, ya kukalia.