Mshike Usimwachie

Kilichomponza Ghadeer ni mdomo wake mwenyewe. Chuoni Ayalandi alikuwa akisomea hadithi na mila za watu wa kule, na alipokuja Maskati likizo alimsimulia mama yake, Bi Mwanakheri, habari za watu wanaochukuliwa na majini wa vilimani. Mtu hudhaniwa kafa, kumbe yuko nao. Jamaa yake akimvizia njiani na kumkamata mkono, humrudisha. Ila asimwachie, hata akigeuka nyoka, hata akigeuka moto. Bi Mwanakheri alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

Miezi mitatu baadaye Talal, kaka yake Ghadeer, akafa kwa ajali ya gari njia ya Rusayl. Ghadeer alikuja msibani kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mitano. Kila Alhamisi alasiri mama yake humwambia atoe gari, waende pale pale, wakae kando ya barabara malori yakipita, wamngojee Talal.

"Wewe ndo dada yake, wewe ndo utamkamata," Bi Mwanakheri husema. "Si ulinambia mwenyewe?"

Sasa mama kama huyo utamjibu nini? Kumwambia ile ni hadithi ni kumzika Talal mara ya pili, na hata mara ya kwanza wanawake hawakwenda makaburini. Ghadeer alitoa gari, na kila alivyolitoa ndivyo alivyozidi kunasa. Halafu chuo kikaandika: ikifika Jumatatu hajarudi, nafasi yake imekwenda.

Alhamisi hiyo, ndani ya gari, akapiga moyo konde.

"Mama, ile hadithi tu. Talal kafa. Harudi."

"Nnajua," Bi Mwanakheri akasema, macho kayaelekeza barabarani. "Ami yako Thabit kamuosha kwa mikono yake. Nnajua toka siku ile."

"Sasa hapa tunamngojea nani?"

Mama akamshika mkono. "Wanangu wawili, wote wamechukuliwa. Mmoja kamchukua Mwenyezi Mungu, huyo sina la kusema. Wa pili kachukuliwa na hao wa Ayalandi."

Ghadeer alilia. Akabembeleza. Kisha hasira zikampanda, akasema maneno ambayo binti hamwambii mama yake, huku akijitahidi kujichopoa. Bi Mwanakheri alifumba macho akazidi kukaza mkono, akingoja mwanawe amalize kugeuka.