Aliyepisha Wengine

Benchi lenyewe halikuwa na sifa yoyote. Lilikuwa la mbao, mguu mmoja mfupi, na aliyekaa upande wa dirishani ilibidi ajikaze, la sivyo liliyumba na kuwaaibisha wote. Lilikaa koridoni, nje ya ofisi ya mshauri wa masomo, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku mafundi walipokuja kulibeba. Mahali pake wakabandika bango ukutani: ushauri sasa unapatikana mtandaoni, popote ulipo. Mshauri alisimama mlangoni akalisoma lote, akarudi ndani akafunga mlango, na siku ile hakutaka maneno na mtu.

Wanafunzi walimwita Mama Ushauri. Na asidhani mtu kwamba hakujaribu kwenda na wakati. Kitinda mimba wake, binti anayefanya kazi benki, alimketisha sebuleni akamfundisha kuunda kundi la WhatsApp, kutuma ujumbe wa sauti na kubandika tangazo juu.

"Mama, punguza maneno," binti alimwambia, amejishika mbavu kwa kicheko. "Ujumbe wako una utangulizi, kiini na hitimisho. Nani atausoma wote huo?"

Mama Ushauri akapunguza maneno. Akajifunza hata kuitikia kwa dole gumba, jambo ambalo mwanzoni aliliona ni utovu wa adabu.

Tuseme haki, mambo mapya yalikuwa na faida zake. Mwanafunzi aliye kwao likizo hakuhitaji kusafiri kutwa nzima kuja kuuliza achukue somo lipi aache lipi. Mmoja akiuliza, wote wanapata jibu. Lakini moyo wake ulikuwa koridoni. Zamani akifungua mlango alitupa jicho moja tu benchini, akajua mambo yalivyo: huyu anatafuna kucha, yule hajalala, wale waliokaa mbalimbali jana walikuwa chanda na pete. Alizikumbuka kelele zao, na zile "shikamoo" zilizopandana kila alipotokeza kichwa, na yule mzembe ambaye kila muhula alikuja na sababu mpya tamu kuliko ya muhula uliopita. Alikuwa akiwagombeza kwa kelele. Sasa angetoa chochote wampigie kelele tena. Madole gumba yalikuja mengi kila siku, na yote yalifanana.

Aliyemtuliza ni kijana mmoja kundini, ambaye wenzake walimbandika jina la Kiranja. Hakuwa kiranja wa kitu chochote. Ni vile tu swali likitua kundini, hasa la takwimu, somo linalowatoa wengi jasho, Mama Ushauri hajavaa hata miwani, Kiranja keshajibu. Alijibu kwa sauti yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Aliyeuliza swali la kipuuzi hakuchekwa. Aliyeuliza jambo lile lile kwa mara nyingine alielezwa upya. Mama Ushauri akamsifu mbele ya kundi zima, akamfanya kiongozi wa kundi, na wenzake wakamimina makofi. Taarifa za masomo yake kwenye mfumo wa chuo hakuwahi kuzifungua. Angezifungulia nini? Alifungua za waliouliza.

Ikafika siku ya mwisho ya kujisajili kwa muhula mpya. Ofisi ikifungwa jioni, na usajili umefungwa, na aliyebaki nje amebaki nje. Akitaka kurudi aombe nafasi upya kama mgeni. Mchana katibu muhtasi, mama mwenye kusema mambo makubwa kwa sauti ya kawaida, alichungulia mlangoni.

"Watoto wako wote wameshajisajili. Kabaki mmoja."

"Yule mzembe wangu?"

"Huyo alikuwa wa kwanza, huwezi kuamini. Aliyebaki ni Kiranja."

Mama Ushauri alicheka. Mfumo ule ulikuwa na vituko vyake. Hata hivyo akamwandikia kijana: "Mwanangu, jina lako halionekani. Kuna tatizo?" Tiki zikageuka bluu papo hapo. Jibu likachelewa, likaja, likafutwa, likaja lingine.

"Niko sawa, mwalimu. Shughulikia wengine kwanza."

Akavua miwani. Maneno yale aliyajua, aliyasikia koridoni nusu ya maisha yake. Wenye shida ndogo ndio waliogombania mlango. Mwenye shida ya kweli alikaa mwisho wa benchi akawa anapisha watu: pita wewe, mimi sina haraka. Akipisha wote, koridoni pakabaki peupe na mlango ukafunguliwa kwa ajili yake, yeye huyo anainuka anaaga. Mama Ushauri alikuwa na dawa yao. Alitoka na kazi zake, akaketi pembeni ya mtu huyo, akaendelea kusahihisha juu ya mapaja bila kuuliza kitu. Msichana mmoja alikaa hivyo mpaka mfagizi akapiga deki kuzunguka miguu yao, ndipo akasema, "Mama yangu amefariki, na mimi sijamwambia mtu." Ni daktari sasa msichana yule.

Na huyu je? Muhula mzima alikuwa akipisha watu mbele ya macho yake, na yeye akampa cheo.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara hii ikapokewa, na nyuma ya "halo" ya kijana nyundo ilikuwa ikigonga chuma.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Karakana kwa mjomba, mwalimu. Namsaidia. Samahani, kuna kazi kidogo hapa."

"Fanya kazi yako. Na mimi nina yangu. Usikate simu, ndiyo hivyo tu."

"Mwalimu?"

"Nimesema usikate."

Akaiweka simu mezani, akafungua sauti ya nje, akavuta rundo la insha za darasa lake. Alisahihisha. Feni ilikuwa ikilia juu, kalamu ikikwaruza, na upande wa pili nyundo ikaanza tena, ngo, ngo, kisha msumeno. Katibu muhtasi alichungulia, akaitazama simu, akarudi alikotoka. Jua likahama kutoka mezani likaenda ukutani. Kuliko kitu chochote, Mama Ushauri alitaka kuuliza. Aliuma ulimi. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na pa kumtazama mtu huyu usoni ajue kama amebaki au ameshaondoka.

Nyundo ikanyamaza.

"Mwalimu, nilifeli takwimu."

"Nakusikia."

"Wiki ya mtihani nilikuwa kundini najibu watu. Kila nikishika sura za mwisho, mtu anauliza ya sura za mwanzo. Hizo nazijua kama jina langu. Za mwisho sikuzigusa." Alivuta pumzi. "Nikirudia, nitakaa darasa moja na wanaorudia, hao hao ninaowaelekeza. Kiranja mzima. Na ulinipa uongozi mwalimu, mbele ya wote. Sikutaka kukuangusha."

Lilimchoma hilo. Alitafuta la kusema, akapata moja tu lililo kweli.

"Basi tumefeli wawili. Mimi nilikubandika cheo, sikukuuliza hata hali."

Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Si mbaya huku. Mjomba anasema nina mkono mzuri."

Hapo sauti nene ikadakia kutoka nyuma, ya mtu aliyekuwa akisikiliza muda wote na kujifanya hasikii. "Nani ana mkono mzuri? Mlango umeukata mfupi, sasa hivi ninaunga! Nilikusifu usije ukanuna. Mwalimu, huyu mchukue, ataniharibia wateja!"

Mama Ushauri alicheka bila kutaka, na kule kijana naye akacheka, kicheko chenye kamasi.

"Umemsikia mjomba wako," akasema. "Sikulazimishi. Ila wanaofunga ofisi wameshaanza kutafuta funguo, na mimi ningependa urudi."

Kijana akasema: "Nifungulie huo ukurasa, mwalimu, simu yangu inasumbua." Wakaufungua pamoja, kijana akitaja masomo kule, mwalimu akibonyeza huku, mpaka jina likatokea kwenye kioo cha kompyuta, na pembeni yake somo la kurudia. Mama Ushauri alisema ahsante kwa mashine, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Alikuwa anafunga droo simu ilipolia. Kundini. Kiranja ameandika:

"Jamani, nimefeli takwimu, sura za mwisho sikuzigusa. Narudia na ninyi. Msinipigie makofi."

Juu ya kioo iliandikwa kwamba mtu anaandika, ikapotea, ikarudi. Mama Ushauri alisimama na mkoba begani. Angemtetea vipi kijana mbele ya watu asiowaona?

Wa kwanza alikuwa mzembe wake. "Kumbe! Ndiyo maana ulikuwa unanivumilia." Mwingine akafuata: "Nakuwekea kiti cha nyuma. Cha mbele utakaa ukishafaulu." Vicheko vikamwagika. Katikati ya vicheko ukaingia ujumbe wa sauti wa msichana mmoja mwoga, aliyekuwa akiuliza jambo lile lile kila wiki. Mama Ushauri akaubonyeza.

"Kiranja, zile sura za mwisho mimi nazijua. Utanisumbua wewe sasa. Tuanze lini?"

Jibu la kijana lilikuwa fupi: "Hata leo."

Mama Ushauri aliketi tena kwenye kiti chake, na mkoba begani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli. Lakini alitamani, alitamani mno, angemwona kijana yule uso wakati anaandika maneno hayo.