Kano Zilipolegea

Kila asubuhi Mwantumu alimwamkia mama mkwe wake shikamoo, na kabla marahaba haijamtoka yule mama, swali lilikuwa limeshafika.

"Mbuzi vipi leo, mama?"

"Bado," Mama Elimringi alijibu, akichochea moto.

Neno dogo, lakini lilimla Mwantumu moyo. Walikuwa wamekubaliana: mbuzi akizaa, yeye atashuka Moshi, mtaa wa Pasua, kula Idd na mama yake mzazi. Asipozaa, haendi. Uzao uliopita mtoto wa mbuzi alikaa vibaya tumboni akafa, maana Mama Elimringi alikuwa peke yake na macho yake yamekwisha kuingia ukungu. Mwantumu alilijua hilo, na hakuwa na wa kumlaumu.

Labda mumewe. Elimringi alikuwa seremala wa mjini, akasilimu ili amwoe. Ila alikuwa kitinda mimba, na kwa Wachagga kihamba cha baba, yaani shamba la migomba na nyumba yake, humwangukia kitinda mimba, pamoja na mama aliyemo ndani yake. Baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla, Elimringi akamleta mkewe huku mlimani, Mwika, akae na mama, kisha akarudi zake mjini kwenye randa na misumari. Wanaume bwana! Urithi kaupata yeye, baridi wanaila wengine.

Na baridi ya Mwika usiiseme. Ukungu uliingia mpaka kitandani. Mwantumu aliitamani Pasua hata vumbi lake, hata majirani wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Alitamani maandazi ya mama yake, na adhana ya magharibi inayowakuta wote mkekani. Huku alifungua saumu peke yake. Mama mkwe hakuelewa mtu mzima kushinda na njaa kwa hiari, lakini kila jua lilipozama alimsogezea ndizi mbivu.

Wiki kadhaa nyuma Mwantumu aliona kiwele kimejaa, akatoka mbio kumwita jirani yao, Elinipendo. Elinipendo alifika akihema, akamtazama mbuzi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi wa mjini! Kiwele ni mwongo, hujaa mapema."

Mama Elimringi hakucheka. Aliuchukua mkono wa mkwewe akauweka kwenye shina la mkia wa mbuzi. "Hapa, kila upande pana kano. Unaisikia? Ngumu kama kamba ya mzigo. Siku ukizitafuta usizipate, usiende popote, mtoto yuko mlangoni. Na akisusa majani, akaparura chini, akawa anageuka kutazama ubavu wake, chemsha maji."

Siku ya soko ikafika, na mwezi ulitarajiwa kuandama kesho yake jioni. Lori la Ramnik, mfanyabiashara wa mjini, lilikuwa sokoni, likishusha bidhaa, nalo lingerudi Moshi mchana. Mama Elimringi aliingia pembeni kwenye giza alikofungwa mbuzi, akapapasa.

"Bado. Kano zimekaza. Nenda mferejini ukachote maji."

Mwantumu alibeba mtungi, moyo umemwanguka. Akiwa anatoka aliyaona majani ya mgomba aliyoyaleta jana. Hayakuguswa. Mbuzi alikuwa akiparura chini. Mwantumu akautua mtungi, akapeleka mkono kwenye shina la mkia, akabonyeza kushoto, akabonyeza kulia. Palikuwa laini kama unga wa maandazi ulioumuka.

"Mama, kano hazipo."

Mama Elimringi hakugeuka. "Hazipo tangu jana jioni."

"Nawe ukaniambia bado!"

"Nikakuambia bado. Nimeozesha mabinti watatu, mwanangu. Kila mmoja alisimama hapo mlangoni akasema nakwenda, nitarudi. Nikasema moyoni, lori likimwacha, nitakuwa naye mpaka soko lijalo."

Mwantumu alikasirika. Angesema mengi, na mengine yasingefutika, lakini mbuzi alijilaza akakakamaa, na ugomvi ukabidi ungoje. Zilitokea kwato mbili, pua ikiwa juu yake, kisha mtoto mzima akateleza chini. Mama Elimringi akampangusa pua kwa jani kavu la mgomba. Mtoto akapiga chafya.

"Sasa nenda," alisema yule mama. "Amemaliza, na lori halijaondoka. Nenda kwa mama yako, unisamehe."

Mwantumu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alinawa, akafunga kifurushi chake. Huko sokoni honi ililia. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia mbuzi anaparura tena.

Akarudi. Akapitisha mikono chini ya tumbo, mbele ya kiwele, akainua kidogo. Kitu kigumu kikagonga kiganja chake.

"Mama, yumo mwingine."

"Najua."

"Si umesema amemaliza?"

"Nimesema."

Mwantumu akamtazama. Asubuhi yule mama alimdanganya ili amzuie, na sasa alikuwa amemdanganya ili amwachie, ingawa macho yake yalikuwa na ukungu ule ule, na mtoto huyu naye angeweza kumfia mikononi. Akakitua kifurushi. Honi ikalia mara nyingine, kisha mngurumo ukaanza kuteremka, ukamezwa na migomba. Mwantumu alilia waziwazi, akimwita mama yake wa Pasua, huku mikono ikifanya kazi, maana mtoto wa pili alitanguliza miguu ya nyuma na ilibidi avutwe taratibu. Alitoka hai.

Jua lilipozama, Mama Elimringi alimsogezea ndizi mbivu na kikombe cha maji.

"Kesho alfajiri tunashuka kwa miguu mpaka Himo," alisema. "Pale magari hayakosekani. Elinipendo atawatazama mbuzi."

"Tunashuka?"

"Mimi na wewe. Nataka nimwone huyo mama unayemlilia hivi. Mbuzi ameshamaliza."

Mwantumu aliinuka, ndizi ingali mkononi, akaenda kwanza kumpapasa mbuzi tumboni. Ndipo akajibu, "Haya, mama. Twende."