Maziwa ya Mchungaji

Masunga alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Bariadi, na walimu wa hesabu wana ugonjwa wao: wakishapata jibu, hawamsikilizi tena mwenye swali.

Baba yake alipofariki, mama yake, Milembe, aliuza ng'ombe watano kule kijijini Sola, akamkabidhi mwanawe pesa azitunze. Masunga akaamua kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji. Karani akamuuliza: anataka mfuko unaotoa gawio kila miezi sita, au ule usiotoa kitu, faida ikabaki humohumo kukuza mtaji? Akachagua wa kukuza mtaji, wala hakufikiri mara mbili. Gawio aliliona ni pesa ya kununulia sukari.

"Mayu," alimwambia mama yake, "chukulia umeniachia ng'ombe niwachunge. Wewe subiri ndama tu."

Milembe akacheka, akaridhika. Mfano ule aliuelewa kuliko hata aliyeutoa. Maana Usukumani ukimwachia mtu ng'ombe wako, ndama ni wako, lakini maziwa ni ya mchungaji, na mwenye ng'ombe anayekwenda kudai maziwa anajiaibisha. Masunga, aliyekulia mabwenini, alikuwa amekumbuka nusu ya desturi.

Miaka sita ikapita. Mama hakuuliza chochote, na Masunga akawa anamsifia kwa walimu wenzake kwamba subira yake haina mfano. Thamani ya vipande ilipokaribia maradufu, akafunga safari kwenda Sola kumpa habari njema. Akamkuta anamimina uji, nusu kikombeni, nusu mkekani.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Ingezuilika kwa dawa ya matone, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Na dawa yenyewe Milembe alikuwa anaijua. Aliandikiwa miaka miwili nyuma, kichupa kimoja kila mwezi. Alinunua vitatu, bei ya pamba ikaanguka, akaacha.

"Kwa nini hukuniambia?" Masunga aliuliza walipokaa kwenye benchi la hospitali. Sauti ilimtoka kwa ukali kwa sababu alikuwa anaogopa.

"Ningekuambiaje, ng'wanawane? Ng'ombe wangu walikuwa kwako. Nije kukudai maziwa, nionekane mama wa namna gani?"

Ndipo Masunga alipoikumbuka ile nusu nyingine. Gawio alilolidharau lingenunua vichupa vyote, na sukari juu yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akafungua mdomo amwambie kweli, kwamba ng'ombe wale hawakukamuliwa hata siku moja, kwamba hakuna mtu aliyekunywa chochote.

"Lakini sikuumia sana," mama akaendelea. "Dawa ilipoisha nilikuwa nasema, si neno, wajukuu wangu huko kwako wanakunywa. Moyo unatulia."

Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayejua jibu ila anataka kulisikia.

"Walishiba?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Masunga, imefunguliwa kwenye tarakimu alizokuja nazo kujivunia. Akaizima.

"Walishiba, mayu."

Milembe akamtabasamia mwanawe, uso ameuelekeza mlangoni, ambako hakukuwa na mtu.