Ndara za Kuogea

Katika jumba lile la Kayole, lenye orofa nne za wapangaji, hakuna aliyeoga bila ndara za mpira. Bomba la maji moto lilivuja umeme uliofinya kidole kama siafu, na watu wakalizoea kama walivyozoea vumbi. Teresiah alikuwa amemfunza bintiye Jacky kuvaa ndara bafuni kama alivyomfunza kuomba kabla ya kula.

Ndipo mama yake Teresiah akaja kutoka Murang'a kwa kliniki ya moyo. Miguu ilikuwa imemvimba hata haikuingia ndara yoyote, si za wanaume wala zile kubwa alizonunuliwa sokoni asubuhi ile.

"Nitaoga peku," bikizee akasema. "Nimekanyaga miiba tangu utoto."

Teresiah akazima swichi ya bafu, akamsihi angoje, akashuka uani kwa Mutie, msimamizi wa jumba.

"Mama Jacky, jumba zima linaoga na kushukuru," Mutie akamwambia. "Mwogeshe mzazi kwa beseni."

"Leo nitamwogesha. Na siku mtoto atakapozisahau ndara?"

"Bado hajasahau."

"Basi panda, Mutie. Vua viatu uingie, nikuwashie."

Wanawake waliokuwa wakifua wakageuka. "Nenda, bwana arusi," mmoja akasema. "Taulo tutakushikia."

Mutie aliitazama miguu yake, kisha akampigia simu fundi Kyule.

Kyule alizima umeme wote, akaufuata waya wa athi, ule unaopaswa kuupeleka udongoni umeme unaovuja. Aliukuta umefungwa kwenye kipande cha bomba la chuma kilichoning'inia ukutani, hakigusi ardhi. Miaka sita nyuma mabomba yalibadilishwa yakawa ya plastiki, wala hakuna aliyeuliza waya ule unaelekea wapi. Tangu hapo kinga ya watu hamsini ilikuwa mpira wa ndara. Akapigilia nondo ya shaba ardhini, akaufunga waya, akatia swichi ya kinga inayojizima umeme uvujapo. Wapangaji walinung'unika kutwa nzima kwa kukosa umeme.

Alasiri Kyule aliurudisha umeme, akalipima kila bomba, akasema ni salama. Teresiah alimsikia, lakini akavua ndara, akaingia yeye kwanza, akafungua maji.

"Yanauma?" mama yake akauliza mlangoni.

"Yana moto tu, Maitu," akajibu, akatoka kumshika mkono.